BUSTANI NYUMBANI: Udongo kwanza, mbao baadaye

Matuta ya mboga yaliyoinuliwa juu ya ardhi yamekuwa pambo la nyumba nyingi mjini. Ukipita Umoja, Buruburu, Donholm au Kahawa utayaona yamejengwa kando ya ukuta: masanduku ya mbao zilizopigwa randa na kupakwa rangi, ndani yake sukumawiki imesimama wima kama askari kwenye gwaride. (Nasema matuta ya mboga, msomaji, si yale ya barabarani yanayovunja springi za matatu.) Ni jambo la kupendeza. Lakini rudi baada ya miezi mitatu uchungulie tena. Katika nyumba nyingi utakuta mbao bado zinang'aa ilhali majani yamekuwa ya manjano, udongo umekauka ukawa kama tofali, na paka wa jirani ndiye mpangaji wa pekee aliyebaki humo.

Sababu yake si ngumu kuiona. Pesa zote ziliishia kwa seremala. Sanduku lilipokuwa tayari, baba mwenye nyumba alipiga simu, lori likaja likamwaga udongo wowote uliopatikana siku hiyo, miche ikapandwa na watu wakaanza kusubiri. Sukumawiki haili mbao. Kazi ya mbao ni kuzuia udongo usitawanyike, basi. Hata mawe yanaweza kuifanya, hata magogo ya migomba, na ukitengeneza kingo zenye mteremko hata ukuta wenyewe hauhitajiki. Kinacholisha mboga ni kile kilichomo ndani, na hicho ndicho ningependa tukichunguze leo kabla hujatoa shilingi moja mfukoni.

Tufanye hesabu pamoja, na mwanafunzi aliye karibu alete kalamu. Tuta la kawaida la nyumbani lina upana wa mita 1, urefu wa mita 2 na kimo cha sentimita 30. Zidisha hizo tatu. Unapata mita 0.6 za ujazo, yaani lita 600. Kwa debe letu la lita 20, hayo ni madebe 30. Wengi hawakitarajii kiasi hicho. Hununua magunia matatu ya udongo, yakamwagwa yakapotelea pembeni, kisha wakaanza kujazia na chochote kilicho karibu: vifusi, vipande vya plasta, takataka za jikoni zilizo mbichi. Tuta linajaa, naam, lakini limejazwa ugonjwa.

Katika madebe hayo 30, mimi hupendekeza 15 yawe udongo wa juu, 10 yawe mboji au samadi iliyooza sawasawa, na 5 yaliyobaki yawe kitu cha kuupa udongo nafasi ya kupumua, kwa mfano maganda ya mpunga kutoka Mwea au mchanga safi wa mto. Hii si sheria ya Musa. Ukiwa na mboji nyingi, ongeza. Ukikosa maganda, acha. Lakini usije ukajaza samadi tupu ukidhani unalipendelea tuta lako. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi, na ile ya ng'ombe ikiwa bado mbichi hubeba vijidudu vya kuumiza tumbo hadi kwenye majani utakayokula. Ilaze miezi mitatu au zaidi kabla ya kuipeleka kwenye mboga.

Sasa, huo "udongo wa juu" ni upi? Ni zile sentimita 15 au 20 za kwanza za ardhi, palipo na mizizi, wadudu na majani yaliyooza. Hapo ndipo uhai ulipo. Udongo unaouzwa kwa bei rahisi na malori ya mjini kwa kawaida si huo. Umetoka kwenye msingi wa jengo, umechimbwa mita mbili au tatu chini, ni mwekundu na unavutia macho, lakini umelala huko kizani tangu zama za mababu bila kuona hata jani. Ukiumwagia maji unashikana. Jua likiwaka unapasuka. Muuzaji hatakwambia hayo. Atakuita kando akwambie, "Chukua mama, huu ni wa msituni kabisa, hata ukipanda kijiko kitaota." Ukisikia hivyo, inama uchukue konzi moja, uinuse. Udongo ulio hai una harufu ile ya mvua ya kwanza. Udongo wa mjengo haunuki kitu. Na kama kweli umetoka msituni, basi muulize ni msitu gani na ni nani aliyemruhusu, maana mti ulioachwa mizizi yake wazi hauna faida kwa mtu yeyote.

Ikiwa huna budi kununua ule wa mjengo, ununue ukijua kwamba unanunua chombo kitupu. Uchanganye na mboji nusu kwa nusu, upande kunde au maharagwe msimu wa kwanza, na usitarajie sukumawiki za kuonyesha wageni kabla ya msimu wa pili.

Mboji yenyewe unaweza kuitengeneza hata katika uwanja mdogo. Weka tabaka la vitu vikavu kama mabua na majani makavu, kisha tabaka la vitu vibichi kama maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na nyasi, kisha samadi kidogo, majivu kidogo na udongo kidogo, unyunyize maji, urudie. Nyama na mafuta usitie, utaalika panya. Chomeka kijiti kirefu katikati ya lundo na ukiache humo. Baada ya siku chache kichomoe, ukiguse: kikiwa na joto, lundo linafanya kazi. Kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji. Kikitoka na uvundo, maji yamezidi, geuza lundo hewa iingie. Ukiligeuza kila baada ya wiki mbili au tatu, baada ya miezi mitatu hivi utakuwa na mbolea nyeusi inayovunjikavunjika mkononi. Wanafunzi watakaosoma kijiti hicho kila Jumamosi na kuandika daftarini watakuwa wamefanya sayansi bila kulipia maabara.

Nimesema kuhusu udongo uliochoka. Kuna jambo zito zaidi, nalo ni udongo wenye sumu.

Mji ni mahali pa ajabu. Pale unapotaka kupanda managu leo, miaka 20 iliyopita huenda palikuwa na gereji, au pipa la takataka, au mtu alikuwa akivunja betri za magari. Madini ya risasi, yale yaliyomo katika betri hizo, hayaozi wala hayachakai. Hukaa katika udongo miaka na mikaka. Kenya ilitumia petroli yenye risasi hadi ilipoondolewa mwanzoni mwa 2006, na vumbi la moshi ule lilitua kando ya barabara zetu kubwa kwa miongo mingi. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako papa hapa Gigiri, lilichapisha uchunguzi uliofanywa karibu na jaa la Dandora. Watoto 328 walipimwa, na karibu nusu yao wakapatikana na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Wakaazi wa Mombasa hawahitaji kukumbushwa habari za Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu mtaa mzima. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikasukumwa hadi Mahakama ya Juu, ambako wakaazi walipata ushindi 2024. Risasi huudhuru ubongo wa mtoto, na mtoto ndiye anayecheza na udongo, kisha akatia kidole kinywani.

Sisemi haya nikutishe uache kupanda. Nayasema kwa sababu hapa ndipo tuta lililoinuliwa linapostahili heshima yake. Ikiwa una shaka na ardhi yako, usilime chini. Inua tuta kimo cha sentimita 40 au zaidi, ulijaze udongo ambao unajua ulikotoka, na njia za kupitia kati ya matuta uzifunike kwa kokoto au matandazo ya nyasi ili vumbi lisiruke. Panda mbali na ukingo wa barabara. Osha majani kwa maji mengi kabla ya kuyakata, maana kwenye mboga za majani sehemu kubwa ya risasi huja kama vumbi lililotua juu yake. Na ukilazimika kupanda mahali usipopaamini, afadhali nyanya na pilipili kuliko karoti au spinachi. Tunda hupokea risasi kidogo kuliko mzizi na jani. Ukuta wenye rangi kuukuu inayobambuka nao usiuegemeze tuta lako.

Maji vilevile. Najua mgao wa maji ni taabu, na najua kuna watu kando ya mito ya Nairobi wanaoziba mabomba ya maji machafu ili yafurike mashambani. Majani yake huwa mapana, ya kijani kibichi, yanauzwa mapema. Yanauzwa pamoja na minyoo, homa ya matumbo na kipindupindu. Kama nyumbani kuna shida ya maji, tumia maji uliyosuuzia mboga au mchele. Ya kufulia nguo yenye sabuni nyingi wamwagie maua.

Je, kila nyumba inahitaji tuta lililoinuliwa? La hasha! Hapa nagombana na vitabu vingi vya kigeni, vilivyoandikwa na watu ambao shida yao ni baridi na unyevu. Tuta la kuinua ni dawa ya maji mengi, si dawa ya kiu. Fanya jaribio hili. Chimba shimo la sentimita 30, ulijaze maji jioni, uyaache yanywewe, kisha ulijaze tena na uende kulala. Kama asubuhi maji bado yamo, mizizi ya mboga yako itazama, na unahitaji kuinua. Kama yalitoweka kabla hujamaliza chai ya jioni, ukiinua utakuwa umejenga jiko la kukaushia miche.

Kwa hivyo watu wa Embakasi, Syokimau, Mlolongo na Kitengela, wenye ule udongo mweusi unaonata kwenye viatu mpaka mtu anatembea na kilo mbili kila mguu, inueni. Udongo huo una rutuba, lakini masika ukilowa huvimba na kuzuia hewa, na kiangazi hupasuka nyufa za kumeza kijiko. Msidanganywe mkautia mchanga kidogo mkidhani utalegea. Mchanga kidogo katika mfinyanzi hutoa tofali. Tieni mboji, mwaka baada ya mwaka. Watu wa Kikuyu, Karen au Kabete wenye udongo mwekundu unaopitisha maji hawahitaji kimo kikubwa, sentimita 15 zatosha. Nao ndugu zetu wa Kisauni, Likoni na Bamburi wenye mchanga, pamoja na wa Kitui na Garissa wenye jua, wageuze maneno haya juu chini: chimbeni tuta lizame sentimita 20 chini ya ardhi, tieni samadi nyingi, funikeni kwa nyasi au makuti, ili kila tone la maji likimbilie kwenye mzizi badala ya kuukimbia.

Mwanafunzi anaweza kuongeza jaribio la chupa. Jaza udongo theluthi moja ya chupa nyeupe, ongeza maji hadi karibu na shingo, tone la sabuni, funga, tikisa kwa nguvu, weka dirishani. Mchanga utatua ndani ya dakika moja hivi. Tope laini litafuata baada ya saa kadhaa. Mfinyanzi utaelea siku nzima au zaidi kabla ya kutua. Ukipima unene wa kila tabaka kwa rula, utajua ardhi ya kwenu imeumbwa na nini.

Kwa ukingo wa tuta sina mengi. Vipande vya mawe ya Ndarugu vinavyobaki kwenye mijengo ni bora kuliko mbao, havioi wala mchwa hawavitaki. Mbao za saiprasi zitadumu miaka michache. Nguzo kuukuu za umeme au za simu zisikaribie chakula, zimelowekwa dawa kali. Vigae vya asbesto vilivyovunjika vilevile, hata kama ni vya bure. Chini ya tuta usitandaze plastiki. Lima ardhi iliyo chini kwa jembe la meno kwanza, mizizi ipate kuteremka na maji yapate njia, isipokuwa pale unapoihofia sumu iliyo chini. Hapo iache ilivyo, tandika makatoni mazito kadhaa, kisha ujaze juu yake.

Na baada ya kujaza, usikanyage ndani tena. Wewe, watoto, wala mbwa. Ndiyo maana upana usizidi mita 1 na robo, ili mkono ufike katikati kutoka upande wowote. Mtindo huu wa matuta yasiyokanyagwa si mgeni kwetu. Kituo cha Kilimo cha Manor House karibu na Kitale, kilichoanzishwa 1984, na Taasisi ya Kilimo Hai ya Kenya, iliyoanzishwa 1986, zilikuwa zikifundisha wakulima wadogo kuchimba tuta mara mbili kwa kina, kulishibisha mboji na kuacha mguu njiani, miaka mingi kabla ya masanduku haya yaliyopakwa rangi kuwa fasheni.

Wapo wanaoniuliza kuhusu paa. Nyumba za ghorofa zina paa bapa, jua ni tele, kwa nini tusipeleke matuta huko? Rudi kwenye hesabu yetu. Lita 600 za udongo uliolowa zina uzito wa karibu tani moja. Hiyo ni sawa na mifuko 20 ya saruji imepangwa mahali pamoja, na mvua ikinyesha haipungui. Matuta matano ni tani tano juu ya vichwa vya watu waliolala. Sote tunakumbuka Huruma, Aprili 2016, watu wapatao 50 walipokufa jengo lilipoporomoka usiku wa mvua. Halikuangushwa na bustani, lakini ni nani kati ya wapangaji ajuaye paa lake lilijengwa na nani na kwa vyuma vingapi? Bila neno la mhandisi, paani usipeleke zaidi ya vyombo vichache vyepesi, uviweke kandokando juu ya kuta, si katikati.

Mpangaji ambaye hana hata uwanja, na mwenye nyumba anaweza kumwambia ahame mwisho wa mwezi, atumie gunia. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilisaidia familia za Kibera kupanda mboga magunianai kuanzia 2008, na mtindo huo ukaenea. Simamisha gunia, weka katikati mkebe mkubwa uliokatwa kitako, ujaze mawe madogo ndani ya mkebe na udongo kuuzunguka. Vuta mkebe juu kidogo, jaza tena, mpaka ufike kileleni. Utabaki na nguzo ya mawe katikati, na maji ukiyamwaga hapo yatafika hadi chini. Toboa mashimo ubavuni, panda miche 20 hadi 40 juu na pembeni. Likiwa na udongo ni zito, kwa hivyo chagua mahali pake kabla ya kujaza. Na kama askari wa kaunti atakusumbua, mkumbushe kwa adabu kwamba Nairobi imekuwa na sheria yake ya kilimo cha mjini tangu 2015.

Kupanda ndiyo kazi rahisi. Katika tuta letu la mita 1 kwa 2, miche 10 au 12 ya sukumawiki yatosha, umbali wa sentimita 40. Watu hubana 30 humo kisha wakalaumu mbegu. Katikati ya mistari tia dania au vitunguu vya majani. Managu na terere zitakuwa mezani baada ya wiki tano au sita, sukumawiki baada ya miezi miwili hivi tangu kuatika. Chuma majani ya chini, mawili matatu kwa kila mche, uache kilele. Viwavi wanaokata miche usiku wazuie kwa kuuvisha kila mche pete ya karatasi ngumu iliyozama kidogo udongoni. Tuta litashuka kimo msimu wa kwanza, ni kawaida, ongeza madebe mawili matatu ya mboji kila baada ya mavuno.

Vidukari nitavishughulikia Jumapili ijayo, pamoja na namna ya kujiwekea mbegu za managu na terere. Kwa hivyo usivune kila kitu. Acha mche mmoja ulionona wa kila aina utoe maua na kukomaa, na uufunge kitambaa chekundu ili mtoto aliyetumwa mboga asije akauchuma.